Kugeuza Sauti ya Simu kwa Programu za Muziki: Mlaji Afahamu Nini Kabla ya Kulipa

Katika nyumba nyingi za Unguja, za Mji Mkongwe, za Ng'ambo na za mashamba, hakukosekani droo yenye simu za zamani za vitufe. Betri zimekufa na chaja zimepotea, lakini simu hazitupwi. Sababu mara nyingi ni sauti iliyomo: mtoto akisoma juzuu yake ya kwanza, mzee akieleza nasaba ya ukoo, bibi akiimba harusini. Miaka inapita, anatokea mjukuu mwenye kompyuta na programu ya kutengenezea muziki, naye anataka sauti ile iingie katika wimbo wake. Hapo ndipo faili linapokataa kufunguka, na hapo ndipo mlaji anapoanza kutafuta mtu wa kumlipa.

Mfano tutakaoufuata tumeutunga ili tusimtaje mtu, lakini kila sehemu yake ni jambo linaloweza kumkuta mlaji wiki yoyote. Kijana wa Jang'ombe anatunga nyimbo nyumbani. Bibi yake, mwenyeji wa Makunduchi, amekwisha kufariki. Mwaka 2009, katika harusi ya jamaa, shangazi alimrekodi bibi kwa simu akiimba kwa dakika nne. Hakuna rekodi nyingine ya sauti ya marehemu. Faili lina ukubwa wa kilobaiti 384, jina lake linamalizikia na .amr, na programu ya muziki ya kijana hailitambui kabisa.

Kijana anakwenda kwa fundi mmoja mjini. "Kaka, hili faili la kizamani," anaambiwa, "lakini nitalirudisha liwe kama la studio. Niachie kadi, uje kesho baada ya alasiri." Kijana anaacha kadi ya kumbukumbu na kulipa. Kesho yake anakabidhiwa faili jipya la megabaiti 42, na fundi anamwonesha ukubwa huo kama ushahidi wa kazi aliyoifanya. Kadi imefutwa ili kupata nafasi. Nyumbani, faili linafunguka bila taabu, ila sauti ya bibi bado inatoka kama iliyofungiwa ndani ya kopo, imekuwa nyembamba kidogo kuliko alivyoizoea, miisho ya maneno imemezwa, na wimbo wa dakika nne unamalizika kwenye dakika 3 na sekunde 40.

Katika kisa hiki kijana amenunua vitu vinne bila kuvitenganisha: kugeuzwa kwa umbizo, ongezeko la ukubwa lisilo na maana, kosa la kiufundi, na usafishaji wa sauti ambao hakuuomba. Kimoja tu ndicho alichokihitaji. Ili mlaji aweze kuvitenganisha, hana budi kujua kidogo jinsi simu inavyosikia.

Simu inavyosikia

Sauti ni mtikisiko wa hewa, na wingi wa mitikisiko kwa sekunde hupimwa kwa hezi. Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi karibu hezi 20,000. Simu, tangu enzi za waya, ilipangiwa kupitisha kipande kidogo tu cha upana huo, baina ya hezi 300 na hezi 3,400, kwa kuwa kipande hicho kinatosha kuelewa maneno na kumtambua anayesema. Simu za mkononi zilirithi mpango huo. Kwa kawaida hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Kanuni ya hisabati ya upimaji huu haina huruma: kinachoweza kuhifadhiwa ni nusu ya idadi ya sampuli, basi. Kwa sampuli 8,000, hakuna chochote kilicho juu ya hezi 4,000 kinachobaki. Santuri ya CD, kwa kulinganisha, hupima mara 44,100 kwa sekunde, ndiyo maana inafika hezi 22,050.

Hapa inafaa kukumbuka jambo linaloshangaza kidogo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake za kwanza. Mbinu ya kurekodi kwa umeme, ambayo makampuni makubwa yalianza kuitumia mwaka 1925, ilikuwa na uwezo wa kushika hadi hezi 5,000 hivi. Yaani simu iliyonunuliwa miaka themanini baadaye, kwa upana wa sauti peke yake, iko nyuma ya mashine za zama za Siti. Hilo si kosa la aliyetengeneza simu. Simu haikukusudiwa kuimbiwa.

Upana ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni ubanaji. Faili la .amr limebanwa kwa kanuni iliyochaguliwa mwaka 1999 kuwa kanuni ya sauti za mazungumzo katika mitandao ya simu ya kizazi cha tatu. Kanuni hiyo hukata sauti katika vipande 50 kwa sekunde. Kila kipande kina sampuli 160, ambazo kama zingehifadhiwa kamili zingehitaji biti 2,080. Katika kiwango chake cha juu kabisa, kanuni huandika biti 244 badala yake. Katika viwango vya chini huandika chache zaidi.

Inawezaje? Inaweza kwa kudhani kwamba kinachosikika ni mtu mmoja anayesema. Haihifadhi sauti yenyewe. Inahifadhi maelezo ya koo: umbo la mdomo na ulimi kwa wakati ule, kasi ya mtetemo wa koromeo, na masalia machache yasiyoingia katika maelezo hayo. Wakati wa kusikiliza, simu hujenga upya sauti kutokana na maelezo. Kwa mazungumzo ni ufundi wa kustaajabisha. Kwa muziki ni balaa, kwa sababu kanuni haina koo la kueleza qanuni yenye nyuzi zaidi ya sabini, wala fidla nne zinazopigwa pamoja na kodiani. Inalazimisha vyote viwe koo moja, na matokeo yake ni ule mgugumio wa majimaji tunaousikia katika rekodi nyingi za harusi. Sanduku la kidumbak nalo hupotea upande wa chini, kwa kuwa maikrofoni ndogo ya simu haizishiki vizuri sauti nzito.

Kwa hiyo bibi aliyeimba peke yake karibu na simu amehifadhika vizuri kuliko kikundi kizima kilichopigwa jukwaani. Mlaji asikilize rekodi yake kwa mizani hiyo kabla ya kuamua kama inastahili kugharamiwa.

Sasa tunaweza kurudi kwenye ukubwa wa faili. Kwa kiwango cha juu, dakika moja ya AMR huchukua kilobaiti 96 hivi, na dakika nne ni kilobaiti 384. Faili lilelile likigeuzwa kuwa WAV ya mkondo miwili, sampuli 44,100 na biti 16, dakika nne huwa megabaiti 42. Limekua zaidi ya mara mia, lakini halikuongezwa hata herufi moja ya habari. Ni sawa na kumimina kikombe cha kahawa katika pipa: pipa ni kubwa, kahawa ni ileile. Ukubwa wa faili usikubaliwe kamwe kuwa kipimo cha kazi iliyofanywa.

Kulitambua faili

Kabla ya kumpelekea mtu faili, mlaji ajue ana nini mkononi. Jina la faili halitoshi, kwa sababu herufi za mwisho hubadilishwa na yeyote, na wapo wanaobadilisha .amr kuwa .mp3 kwa kuandika tu, kisha wakashangaa programu ikiendelea kugoma.

Njia rahisi ni kutengeneza nakala ya faili, kisha kuifungua nakala hiyo kwa programu ya kuandikia maandishi matupu. Sehemu kubwa itaonekana kama takataka, lakini mwanzo wake unasomeka. Faili la AMR la kawaida huanza na #!AMR. Lile la upana mkubwa zaidi, linalopima mara 16,000 kwa sekunde, huanza na #!AMR-WB, na mwenye kulipata hilo ana bahati. Faili la WAV huanza na RIFF. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa kawaida huanza na OggS. Umebanwa kwa kanuni ya Opus, ambayo ni ya mwaka 2012 na ni bora kwa mbali kuliko AMR. Rekodi za 3GP na M4A huwa na neno ftyp karibu na mwanzo. Ukimaliza kuangalia, funga bila kuhifadhi. Programu ya maandishi ikihifadhi faili la sauti, huliharibu.

Lipo pia faili lenye hila zaidi: linaitwa WAV, linaanza kama WAV, na ndani yake mna sauti iliyobanwa kwa kanuni ya kwanza ya simu za GSM, yenye kilobiti 13 kwa sekunde. Vifaa vya kurekodia vikao na mitambo ya kurekodi simu za ofisini hutoa mafaili ya namna hii. Programu ya muziki huyapokea kisha hukaa kimya au hutoa mchakacho. WAV ni chombo tu. Si kila kilichomo ndani yake ni sauti isiyobanwa. Mwenye programu ya VLC anaweza kufungua faili na kubonyeza Ctrl pamoja na J. Aina ya kanuni na idadi ya sampuli zitaonekana.

Kulitoa faili katika simu ya zamani ni kazi inayohitaji uangalifu wake. Kama rekodi imo katika kadi ya kumbukumbu, kadi itolewe na kusomwa kwa kompyuta. Kama imo ndani ya simu, waya au Bluetooth vitalihamisha faili kama lilivyo. Betri iliyovimba isichajiwe hata kidogo. Itafutwe nyingine ya aina ileile. Jambo tunalolikataza ni kuweka simu mbili zikitazamana, moja ipige na nyingine irekodi. Njia hiyo huibana sauti mara ya pili na kuiongezea mwangwi wa chumba, kelele za vyombo jikoni na jogoo wa jirani.

Kugeuza, mara moja na vizuri

Programu nyingi za muziki zinataka WAV isiyobanwa, biti 16 au 24, yenye sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Kugeuza AMR kuwa WAV ya namna hiyo ni kazi ya dakika chache, na programu za kuifanya hupatikana bila malipo. Kwa hiyo anayetoza fedha anatoza kwa ajili ya muda wake na ujuzi wake, jambo ambalo ni halali, lakini bei isipandishwe kwa madai ya mtambo maalumu.

Audacity ni programu ya bure inayofaa kwa mtu asiye mtaalamu. Ili ifungue AMR katika kompyuta za Windows, inahitaji maktaba ya FFmpeg iwekwe kando yake, na hapa ndipo wengi hukwama wakadhani faili limekufa. Maktaba ikishawekwa, faili hufunguka. Mtumiaji huchagua idadi ya sampuli inayolingana na kazi yake ya muziki, kisha hulitoa kama WAV. Anayeweza kuandika amri katika kompyuta anaweza kutumia FFmpeg yenyewe kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i bibi.amr -ar 44100 -c:a pcm_s16le bibi.wav

Maana yake: chukua faili bibi.amr, lipange kwa sampuli 44,100, liandike bila kubana kwa biti 16, liite bibi.wav. Faili la awali haliguswi. Rekodi ya simu ni ya mkondo mmoja na ibaki hivyo; kuifanya miwili ni kuandika kitu kilekile mara mbili.

Tunahimiza kugeuza mara moja tu, moja kwa moja kutoka faili la awali hadi WAV. Mafundi wengi, kwa mazoea, hupitia MP3 kwanza. MP3 nayo ni kanuni ya kubana kwa kutupa, na inapobana kitu kilichokwisha kubanwa hutupa tena, ikidhani mikwaruzo ya kanuni ya kwanza ni sehemu ya wimbo. Kila hatua ya aina hiyo ni hasara isiyorudi. Kwa sababu hiyohiyo, anayemtumia mwenzake faili kwa WhatsApp alitume kama waraka ili lifike kama lilivyo.

Sasa ule wembamba wa sauti ya bibi. Faili hubeba ndani yake tamko la idadi ya sampuli. Tamko likiwa si la kweli, sauti huenda mbio au huburura. Sampuli 8,000 zikisomwa kana kwamba ni 44,100, wimbo hukimbia zaidi ya mara tano na nusu, na kosa hilo hakuna asiyelisikia. Kosa la hatari ni dogo: sampuli 44,100 zikisomwa kama 48,000. Wimbo huongezeka kasi kwa karibu asilimia 9 na kupanda kwa nusu-sauti moja na nusu hivi. Anayesikiliza kwa haraka hupita bila kugundua. Lakini dakika nne hugeuka kuwa dakika 3 na sekunde 40, na mwenye qanuni au udi hataweza kuufuata wimbo bila kukaza nyuzi zote upya. Kwa hiyo kipimo cha kwanza baada ya kupokea faili ni saa: urefu wa faili jipya na wa faili la awali ulingane, sekunde kwa sekunde. Habari njema ni kwamba kosa hili hurekebishika kikamilifu kwa kusahihisha tamko, kwa kuwa sampuli zenyewe hazijaguswa. Ukinzani wa sekunde usiwe sababu ya kulitupa faili.

Usafishaji na ahadi ya "ubora wa studio"

Hatuwezi kusema hivyo kuhusu usafishaji. Programu za kupunguza kelele husikiliza uvumi wa chini ya rekodi, kisha huondoa kila kinachofanana nao. Katika rekodi ya simu, pumzi ya mwimbaji, herufi s, f na sh, na mwisho wa neno linalofifia, vyote hufanana na uvumi. Ndiyo maana miisho ya maneno ya bibi ilimezwa. Kilichoondolewa na kuhifadhiwa hivyo hakirudi, labda kama faili la awali lipo.

Katika programu ya muziki yapo mambo ya kweli yanayoweza kufanywa. Kukata kila kitu kilicho juu ya hezi 3,800 huondoa mchakacho uliozaliwa na ugeuzaji. Kuinua kidogo eneo la hezi 2,000 hadi 3,000 husaidia maneno kusikika, ingawa ukizidisha sauti huwa kali masikioni. Ala zikirekodiwa upya vizuri na kuwekwa chini ya sauti ile, sikio huikubali sauti ya simu kama ilivyo, kama linavyoikubali picha ya zamani isiyo na rangi. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia ya heshima zaidi: wimbo uizunguke sauti ya bibi, na isilazimishwe kushindana na mwimbaji aliyerekodiwa studio jana.

Siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazoahidi kurudisha sauti za juu zilizopotea. Msomaji aelewe zinafanya nini: zimesikilizwa sauti za watu wengi, zikajifunza kukisia. Sauti za juu zinazoziongeza hazikutoka kwa bibi wa Makunduchi. Ni makisio yaliyotokana na makoo ya watu wengine. Kwa kipande cha wimbo hilo huenda lisiwe na ubaya, ikiwa familia imeridhia. Lakini faili la namna hiyo lisiandikwe kuwa ni rekodi ya asili, na lisikabidhiwe skuli, redio au hifadhi ya nyaraka bila maelezo. Atakayelisikiliza miaka hamsini ijayo hatakuwa na njia ya kujua kipi kiliimbwa na kipi kilitungwa.

Unapokwenda kwa fundi

Asiye na kompyuta atahitaji fundi, na mafundi wazuri wapo. Mlaji asiache nakala ya pekee. Kama hana pa kuinakili, aombe inakiliwe mbele yake, nakala moja katika kompyuta na nyingine katika flashi, kabla ya jambo jingine lolote. Kisha aseme anachotaka kwa maneno mahususi: WAV isiyobanwa, mkondo mmoja, sampuli kadhaa, bila usafishaji wowote. Akitaka na usafishaji, uwe katika faili la pili. Anayejua kazi hataona ajabu, na mara nyingi atafurahi kumpata mteja anayejua anachokitaka. Anayejibu kwamba hayo yote si lazima kwa kuwa yeye ana mtambo wa kurudisha ubora, aulizwe ataurudisha kutoka wapi.

Risiti ieleze kazi, si kuandika "huduma ya kompyuta" tu. Ikiandikwa "kugeuza AMR kuwa WAV, nakala ya awali imerudishwa", mzozo wa baadaye una pa kuanzia. Na kadi isifutwe kwa sababu yoyote mpaka mwenyewe amesikiliza faili jipya mwanzo hadi mwisho.

Tovuti za kugeuza mafaili bila malipo hufanya kazi, lakini faili huondoka mikononi mwako na kwenda katika kompyuta ya mtu usiyemjua. Kwa wimbo wa harusi, familia inaweza kuamua kwamba haina neno. Kwa mazungumzo ya daktari, ya mahakama, ya madeni au ya unyumba, tunashauri yasipelekwe huko hata kama ni ya nusu dakika.

Bado kuna suala la ridhaa. Kumiliki simu si kumiliki wimbo. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na ikiwa wimbo una mtunzi anayejulikana, au kikundi kilichoupiga bado kipo, ruhusa itafutwe kabla wimbo mpya haujatolewa. COSOZA ndiyo taasisi ya kuuliziwa. Kwa nyimbo za jando, unyago au za ukoo, kuna mashangazi na mabibi walio hai ambao hawatakuwemo katika sheria yoyote iliyoandikwa, na ambao wana haki ya kusema kwamba wimbo fulani haupigwi mbele ya wanaume au haupigwi hadharani kabisa. Ni vyema kijana aende akawapigie magoti na kuwauliza kabla hajaanza kupanga ala.

Kwa rekodi mpya, simu za kisasa zina uwezo mkubwa kuliko watumiaji wengi wanavyodhani. Katika programu ya kurekodia, nenda sehemu ya mipangilio ya ubora. Mara nyingi imewekwa chini ili kuokoa nafasi. Chagua WAV ikiwepo, la sivyo chagua kiwango cha juu cha M4A, sampuli 44,100 au 48,000. Dakika moja ya WAV ya mkondo mmoja ni megabaiti 5 na kidogo, mzigo ambao simu ya leo inaubeba. Zima mawasiliano ili mtu asipige katikati ya ubeti. Weka simu kiasi cha mkono mmoja kutoka kwa mwimbaji, juu ya kitambaa na si juu ya meza tupu, na mbali na spika. Ufukweni, au uwanjani Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, upepo wa kusi huipiga maikrofoni kama ngoma. Kipande cha khanga kilichokunjwa kuzunguka simu, bila kuziba kitundu cha maikrofoni, hupunguza sana.

Anayefika ofisini kwetu na malalamiko ya aina hii aje na risiti, faili alilokabidhiwa, na faili la awali kama bado lipo. Kama kadi imefutwa, asiitumie tena kwa lolote, asipige hata picha moja, wala asijaribu kurekodi juu yake. Kilichofutwa mara nyingi bado kimo ndani mpaka kiandikiwe kitu kingine juu yake, na zipo programu za kukitafuta. Kijana wa Jang'ombe, kama kadi yake imekaa bila kuguswa tangu siku ile, huenda zile kilobaiti 384 bado zimo.